Mchana wa Meza ya Mizimu

Jino langu moja la mbele ni la kutengeneza. Daktari wa Mwanza aliyeniwekea aliniuliza mara mbili nilianguka wapi, na mara zote mbili nikamjibu kwamba ngazi za hoteli zilikuwa na maji. Sikuanguka. Nilipigwa na chuma cha kuchochea moto, Guangzhou, mchana kweupe, na mtu aliyenipiga nilimpiga zaidi ya alivyonipiga yeye. Hilo la pili ndilo nililokuwa namficha daktari.

Wakati huo nilikuwa na mwaka wa tisa wa kwenda China kuchukua nguo za watoto. Nilifikia hoteli ya bei nafuu nyuma ya majengo ya nguo ya mtaa wa Zhanqian Lu, na nyuma ya hoteli kulikuwa na uchochoro wenye mgahawa wa meza sita. Wenye mgahawa walikuwa mume na mke kutoka Taiwan, mji wa Tainan, wote wamevuka miaka sabini. Waliuza tambi za supu ya ng'ombe na wali uliomwagiwa nyama ya nguruwe iliyokatwa vipande vidogo kama punje. Wateja walimwita mzee laoban, yaani bosi, kama tunavyomwita kila mwenye duka kule, nami nikamwita hivyohivyo. Mkewe nilimwita mama.

Siku ya kwanza kula pale nusura nimpige laoban. Simu yangu iliita, nikachomeka vijiti vyangu wima katikati ya bakuli la wali ili mikono iwe huru. Mzee akatoka jikoni mbio, akavichomoa vijiti bila hata kuniangalia, akavilaza pembeni. Nilisimama. Mimi ni binti wa mchinja nyama wa soko la Mwanza, na kwetu ukigusa chakula cha mtu umemtukana. Nilikuwa nimeshakunja ngumi.

"Kaa, mdogo wangu," alisema kwa Kiingereza chake cha kazini. "Kwetu wali wenye vijiti vilivyosimama ni wa marehemu. Ukiuweka hivyo mezani, unamwita aje."

Nilikaa, nikacheka kwa aibu. Tangu siku ile wakanifanya mtu wao. Nikimpa mama kitu kwa mkono mmoja, alisubiri mpaka niongeze wa pili. Nikimaliza kula, hata kama nina haraka ya kwenda kufunga mizigo, lazima nikae nile pera au nanasi alilokwisha kulikata, kwa maana mgeni haondoki na mdomo wenye chumvi. Safari moja niliwaletea saa ya ukutani niliyoinunua mtaa wa Yide Lu, ina picha ya farasi wanakimbia. Mama aliipokea kwa mikono miwili, uso ukambadilika, akaingiza kidole mfukoni na kunipa sarafu moja. Nilikataa. Akanishindilia kiganjani. Baadaye laoban alinieleza kwamba kwa lugha yao kumpa mtu saa kunasikika kama kumzika, kwa hiyo mkewe alikuwa anainunua ile saa ili isiwe zawadi. Waliitundika. Sikuwahi kuona watu waungwana namna ile, na nilipokuwa nyumbani niliwasimulia sana, hasa huyo mzee: sauti ya chini, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu, hasukumi mtu, hafoki.

Alikuwa ameniambia kwamba kabla ya mgahawa alisimamia kiwanda cha viatu miaka mingi, mji wa jirani. Sikuuliza zaidi. Kila mtu wa umri wake kule alisimamia kiwanda fulani.

Mwaka ninaousimulia niliwakuta katika mwezi wa saba wa kalenda yao. Mwezi huo, wanasema, mizimu isiyo na wa kuikumbuka hufunguliwa mlango, ikatembea na njaa. Basi mchana mmoja mama aliniita nimsaidie kutoa meza nje, mlango wa nyuma, iangalie uchochoroni na si ndani, kwa sababu wageni hao hulishwa nje. Tulipanga kuku mzima, samaki, biskuti, tambi za pakiti, matunda, chupa sita za bia. Chini ya meza aliweka beseni la maji safi, taulo mpya, kioo kidogo na chanuo.

"Wanatoka mbali," alisema. "Watataka kunawa uso kwanza."

"Mizimu?"

Alinipiga begani. "Usiiseme hivyo. Waite ndugu wema."

Mimi ni Mkristo, sikushika ubani. Nilisimama pembeni nikasali kimoyomoyo sala yangu mwenyewe, wao wakainama mara tatu. Laoban akawasha moto katika pipa dogo la bati, akaanza kutupia karatasi za manjano zenye mchovyo wa dhahabu, ambazo ndizo pesa za mizimu, akizichochea na nondo fupi iliyopinda ncha.

Ndipo yule mtu akaja. Alikuwa wa miaka hamsini hivi, mwembamba, suruali imepigwa pasi. Mkono wa kulia ameuweka mfukoni. Alipita mbele yangu kama hanioni, akavuta kiti cha plastiki, akaketi kwenye meza ya ndugu wema, akang'oa paja la kuku kwa mkono wa kushoto na kuanza kula.

Mama alitoa sauti kama ya mtu aliyekanyaga msumari. Chakula kile hakiguswi kabla ubani haujaisha. Lakini hakumfukuza. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagota ukutani, na nikaona kwamba anamfahamu.

Mtu yule alitafuna polepole. Kisha akautoa mkono wa kulia na kuuweka juu ya meza, kati ya samaki na biskuti. Ulikuwa na kidole gumba na kidole cha mwisho. Katikati hapakuwa na kitu.

"Unawalisha usiowajua," alimwambia laoban. Kichina changu ni cha sokoni, lakini alisema taratibu na nikamwelewa. "Maji ya kunawa umewawekea. Taulo umewawekea. Mimi nilikuja getini kwako na mkono unavuja damu. Mimi uliniwekea nini?"

Laoban alikuwa bado ameshika nondo.

"Nakuuliza!"

"Miaka mingi imepita," laoban alisema.

Nafikiri hilo ndilo jibu baya kuliko yote ambayo angeweza kutoa. Yule mtu aliinuka, meza ikapinduka, chupa zikapasuka, kuku akabiringika mpaka kwenye mfereji. Aliinyakua nondo mkononi mwa mzee, nayo ilikuwa ya moto, nikasikia ngozi inachomeka, sijui ya nani kati yao. Pigo la kwanza lilimpata laoban kwenye mkono, na mfupa ukalia. La pili, goti. Mzee akaanguka kwa magoti kisha kwa ubavu, na hakujikinga. Hata mikono hakuinua. La tatu lilipasua kichwa juu ya sikio, damu ikaruka mpaka kwenye ukuta.

Mama alipiga kelele jina la mumewe, mara moja tu, halafu sauti ikakata.

Mimi nilimrukia yule mtu kwa nyuma na kumkaba shingo. Alikuwa mwembamba lakini wa chuma. Aliizungusha nondo kupita bega lake bila kuangalia, ikanipata mdomoni. Sikusikia maumivu. Nilisikia kitu kigumu juu ya ulimi, nikadhani ni kokoto, nikakitema kiganjani, nikaona ni jino langu.

Kilichofuata nitakisema kama kilivyokuwa. Chupa moja ya bia ilikuwa haijapasuka. Niliiokota nikampiga nayo kichwani. Akapepesuka, nondo ikamtoka. Nikampiga tena, akaanguka chali ndani ya beseni, maji yakawa mekundu. Hapo ilitosha. Mtu alikuwa chini, silaha haipo, ugomvi umekwisha. Mimi ndiyo kwanza nilianza. Nilimpiga teke la mbavu, nikampiga la tumbo, nikamkalia kifuani na kumtwanga ngumi za uso, kushoto, kulia. Alijaribu kujikinga kwa ule mkono wa vidole viwili, na mimi nikaupiga huo mkono. Nilikuwa namtukana kwa Kisukuma, lugha ambayo sikuwa nimeizungumza tangu bibi yangu afariki. Na ilikuwa tamu. Sitaki kulipamba neno. Ilikuwa tamu kama kujikuna pale panapowasha.

Niliwahi kuuonja utamu huo mara moja kabla. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, sokoni kwetu, watu wamemzunguka kijana aliyedaiwa kuiba simu. Kila mtu alikuwa na kitu mkononi. Mimi nilikuwa na jiwe la mzani la kilo moja la baba, na nililitupa. Sijui lilimpata wapi. Sijui hata kama kweli aliiba. Nilirudi kwenye banda nikaendelea kufunga nyama kwenye magazeti, na jioni tulikula kama kawaida.

Aliyenisimamisha Guangzhou alikuwa laoban. Nilikuwa nimeinuka juu ya yule mtu kumpiga mateke tena; mzee akajikokota kwenye vigae vya chupa, mkono mmoja umelegea kama kitambaa, akamlalia yule mtu juu, kifua kwa kifua. Teke langu la mwisho nilikuwa nimeshalituma. Lilimpata yeye mgongoni.

"Basi," alisema. Damu yake ilikuwa inamdondokea yule mtu usoni. "Basi, mdogo wangu. Huyu ana haki."

Sikuelewa. Nilisimama pale, mikono imechanika, nikiwatazama wanaume wawili wamelaliana kama watoto waliochoka. Mama aliokota ile taulo ya ndugu wema, akaichovya kwenye maji yaliyobaki, akasita kidogo tu, kisha akaanza kuwafuta uso wote wawili. Alianza na yule mgeni.

Majirani walishaita polisi na gari la wagonjwa. Hospitali walitukalisha mimi na mama kwenye benchi moja, kitambaa mdomoni mwangu, tukisubiri daktari amalize kuwatibu wale wawili. Hapo ndipo hofu iliponiingia. Nilikuwa mgeni katika nchi ya watu, viza ya biashara, na mikono yangu yenyewe ilikuwa ushahidi. Mama alikaa karibu yangu akanishika kifundo cha mkono.

"Alikuwa anaendesha mashine ya kukatia soli," aliniambia kwa sauti ya chini, kwa Kichina chepesi ili nielewe. "Mashine ina kizuizi, mkono usiingie. Mume wangu aliagiza vizuizi vitolewe, kazi iende haraka. Huyu alikuwa mzito kazini. Mume wangu alimzaba kofi mbele ya wenzake. Siku hiyohiyo, mkono ukaingia."

"Halafu?"

"Halafu alirudi getini kila asubuhi, anataka mume wangu atoke amwambie neno. Siku ya tano mume wangu akawaambia walinzi wampige." Aliitazama sakafu. "Nilikuwa dirishani, ghorofa ya juu. Niliona kila kitu. Nikavuta pazia."

Nilitaka kuutoa mkono wangu kwake, na sikuutoa.

Polisi waliokuja walikuwa wawili, mmoja kijana anayejua Kiingereza. Walituuliza mmojammoja, wenzetu wakisikia, kwa sababu wodi ilikuwa ndogo. Laoban, kichwa kimefungwa bendeji, alisema aliteleza kwenye maji ya beseni akaangukia pipa la moto, na meza ikaangukia wengine. Polisi alimwangalia kama mtu anavyomwangalia mtoto muongo. Akamgeukia mtu wa vidole viwili. Jicho lake moja lilikuwa limeziba kabisa, na midomo imevimba. Polisi akaninyooshea kidole.

"Huyu Mwafrika amekupiga?"

Yule mtu aliniangalia muda mrefu kwa jicho lililobaki. Nilikuwa naona maisha yangu yote yapo kwenye jicho hilo: mizigo ikiwa ghalani, mtoto wangu shuleni, muhuri mwekundu kwenye pasipoti.

"Simjui," alisema. "Niliteleza."

"Wote mliteleza."

"Maji yalikuwa mengi."

Polisi walitupatia karatasi, tukaweka vidole vya wino. Yeye aliweka gumba.

Nililala siku mbili hotelini na uso umevimba, nakunywa uji kwa mrija. Siku ya tatu laoban aligonga mlango, mkono umefungwa bendeji ngumu, mkewe nyuma yake. Alisema anakwenda mji wa Foshan, kwa mama yake yule mtu, na kwamba silazimiki kwenda ila akaona aniambie. Nilivaa viatu. Njiani alinunua machungwa. Alianza kuchukua manne, akakumbuka, akaongeza mawili, kwa kuwa nne kwao inasikika kama kifo.

Nyumba ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya fundi wa milango ya chuma, na kelele za msumeno zilipanda mpaka ndani. Kikongwe alifungua mwenyewe. Alikuwa mfupi, kichwa chake kinafika kifuani kwangu. Laoban alivua viatu mlangoni, akainama, akautoa mfuko wa machungwa kwa mkono mmoja uliokuwa mzima na kuugusisha na vidole vya ule uliofungwa, ili iwe mikono miwili.

Kikongwe aliinama pia. Nilidhani anarudisha salamu. Alikuwa anavua ndala. Alimpiga nayo usoni, pah, upande huu, pah, upande ule, na kwenye bendeji ya kichwa, na shingoni, mpaka pumzi ikamwishia. Laoban hakusogea wala hakuuangusha mfuko. Mama alilia kwa sauti, lakini hakumshika yule bibi. Damu ilianza kupita kwenye bendeji.

Mimi nilipiga magoti. Kwetu mwanamke humpigia magoti mkubwa wake kumwamkia, nami nilifanya hivyo kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Nilimwambia kwa Kichina changu cha kununulia nguo kwamba mimi ndiye niliyempiga mwanawe. Alinitazama mdomo wangu uliofura. Ndala ilikuwa bado mkononi. Hakunipiga. Nilitamani anipige.

Mwanawe alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba.

"Ulikuwa unapiga kama mtu anayenijua," aliniambia.

"Sikujui," nilisema. "Nisamehe."

Alimwambia laoban, "Sema. Mbele ya mama yangu."

Na mzee akasema, akiwa amesimama palepale mlangoni, kwa soksi. Alisema, "Nilitoa vizuizi mimi." Alisema, "Nilikuzaba kofi mimi." Alisema, "Walinzi waliniuliza kama inatosha na mimi nikasema bado, na nilikuwa navuta sigara, na sigara niliimaliza." Msumeno wa chini ulimkatiza mara mbili, na mara zote mbili alisubiri unyamaze, akarudia sentensi kutoka mwanzo.

Alipomaliza kikongwe aliivaa ndala yake. Aliupokea mfuko wa machungwa, kwa mkono mmoja, akauweka sakafuni karibu na ukuta.

"Umesema," mwanawe alimwambia. "Sasa ondoka, na usirudi."

Nilikuwa nimetarajia kitu kingine, sijui nini. Chai labda. Tulishuka ngazi, mzee katikati yetu, goti linamgomea. Kwenye treni ya kurudi Guangzhou kijana mmoja alimpisha kiti na akaniangalia mimi kwa wasiwasi, kama ndiye niliyemfanya awe vile, na hakuwa amekosea sana.

Vituo kadhaa vilipita kabla mzee hajanigeukia.

"Ulipokuwa juu yake," alisema, "ulikuwa unafikiri nini?"

"Sikuwa nafikiri kitu."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia jibu alilokwisha kulijua.

"Mimi pia, pale getini," alisema.

Nilitaka kumwambia kwamba mimi si yeye. Nilifungua mdomo, pengo likaingiza hewa ya baridi, nikaufunga. Mama alikuwa kati yetu, macho kwenye giza la dirisha, na mkono wake, sijui kama alijua, ulikuwa umeng'ang'ania ukingo wa kanga yangu.

Safari iliyofuata nilikuta mgahawa umekuwa duka la makava ya simu. Mama alinitumia ujumbe kwamba wamerudi Tainan, mzee hatembei vizuri, mimi nile vizuri. Sikumuuliza habari za Foshan, naye hakunitajia. Bado naenda Zhanqian Lu kuchukua nguo za watoto. Watu wakianza kusukumana kwenye lifti za mizigo, huwa naiweka mikono yangu mfukoni, yote miwili, na kuikunja humo mpaka mlango ufunguke.